Mwaka Nilipopika Bila Pua

Ujumbe uliingia Jumapili asubuhi, nikiwa nimeshaloweka tambi za mchele kwenye beseni. Ulitoka kwa binti wa Pi Lek, mpishi aliyenifundisha kazi Dubai. Binti huyo sijawahi kumwona, na aliuandika kwa Kiingereza cha kuokoteza: mama amefariki, hakuumwa muda mrefu, jina lako lilikuwa kwenye simu yake, nimeona ujue. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikaurudia, halafu nikaendelea kukata majani ya kitunguu kwa sababu watoto walikuwa wameamka na njaa na sikujua niifanye nini mikono yangu. Nyumbani kwetu hapa Voi, chakula cha Jumapili ni pad thai, zile tambi za Kithai zinazokaangwa kwa ukwaju, mayai na kamba wa baharini. Wageni wakija, wanangu hunichokoza niwasimulie jinsi nilivyoanguka Dubai nikagonga kichwa, pua ikafa, nikajifunza kupika kwa masikio. Ni hadithi nzuri. Wageni hucheka, hushangaa, huomba waongezwe sahani. Nimeisimulia hivyo kwa miaka kumi na minne, na kila mara namruka mtu mmoja. Pi Lek aliijua yote, na sasa ameondoka. Nimeona kwamba nikizidi kunyamaza, ile hadithi fupi ya kuchekesha ndiyo itakayobaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Tulikaa Al Nahda, ghorofa ya tisa, upande ambao ukichungulia nje unaona magari ya Sharjah yamesimama barabarani tangu alasiri. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, lakini ilikuwa imegawanywa kwa mbao hadi wanawake tisa tukaenea ndani yake. Mimi na Rehema tulipewa roshani. Mtu fulani alikuwa ameiziba kwa vioo na plaiwudi, akaweka vitanda viwili, na kati ya vitanda ikabaki nafasi ya mtu mmoja kusimama. Mmoja wetu akivaa nguo, mwingine ilibidi apandishe miguu kitandani. Rehema alitoka Kisauni, Mombasa. Alinizidi miaka sita, alikuwa na watoto wawili aliowaacha kwa mamake, na alifanya kazi kwenye duka moja la Naif linalouza vitenge na vyombo vya plastiki kwa wafanyabiashara wanaokuja kuchukua mali ya kupeleka kwetu. Kazi yake ilikuwa kuongea, na aliongea hata akirudi. Alinisimulia wateja wa siku nzima, sauti zao, jinsi walivyovuta kitambaa kukipima nguvu, mwanamke wa Tanga aliyelia kwa sababu rangi aliyoitaka ilikuwa imekwisha. Mimi nilikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani ndiyo sababu tulipatana.

Mimi niliosha vyombo kwenye mkahawa mdogo wa Kithai, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mpishi alikuwa Pi Lek. Pi, kwao, ni kama sisi tunavyosema dada mkubwa, na Lek maana yake mdogo, na kweli alikuwa mdogo; alisimama juu ya kreti ya soda ili alifikie karai. Alikuwa mkali. Alitupigia kelele kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu cha yalla na khalas, yaani haraka na basi, na alipokasirika zaidi alihamia lugha yake ambayo hakuna mwingine aliyeijua, tukashukuru. Mapema mwaka ule aliniita pembeni akaniambia anarudi kwao mwisho wa mwaka kwa sababu macho yanamsumbua. Madam, mwenye mkahawa, alitaka kuleta mpishi mwingine kutoka Bangkok. Pi Lek alikuwa amemwambia asubiri, kuna yule Mkenya wa kwenye sinki. "Nimemtazama," alimwambia madam mbele yangu. "Wengine wanaosha huku wanaangalia simu. Huyu anaosha huku anaangalia mkono wangu." Wakaniweka katika majaribio. Viza yangu ya kuosha vyombo ilikuwa inaisha Desemba, na madam alishasema haitarudiwa. Ama nipande jikoni, ama nirudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye niliteleza kwenye mafuta karibu na sinki. Nakumbuka dari, na uso wa Pi Lek ukiwa umeinama juu yangu, mdomo ukitamka kitu. Kisogo kilivimba. Nililala siku mbili kwenye roshani, Rehema akinipozea kitambaa kwa maji ya barafu, na siku ya tatu nikarudi kazini. Pi Lek alikuwa anakaanga pilipili kavu, na jikoni nzima walikuwa wanakohoa. Mimi pia nilikohoa, koo liliniwasha, lakini kulikuwa na kitu kimekosekana na sikujua ni nini. Nikaenda stoo. Kulikuwa na ndoo ya sosi ya samaki waliochachushwa, ambayo siku zote nikiifungua nageuza uso. Niliifungua, nikainamisha kichwa, nikavuta pumzi kwa nguvu. Nilihisi ubaridi tu ukipita puani, kama mtu anayenusa glasi ya maji.

Daktari wa zahanati alinimulika akasema pua ni nzima, kilichokatika ni nyuzi zinazopeleka harufu kwenye ubongo. Huenda zikaunga baada ya miezi, huenda zisiunge kabisa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naosha vyombo. "Alhamdulillah," akasema, "basi hilo si tatizo."

Mtu aliye na pua yake hawezi kuelewa, na mimi pia nisingeelewa. Chakula kilikuwa kitu laini au kigumu, cha moto au baridi, chenye chumvi au sukari, basi. Chai ilikuwa maji matamu. Nilikula ndizi nikashindwa kuitofautisha na viazi vilivyosagwa. Nilikonda hadi pete ikawa inanitoka nikiosha vyombo. Nilioga mara tatu kwa siku kwa hofu kwamba nanuka na sijui, na kwenye basi nilikaa nikiwatazama watu nyuso, kama kuna anayejisogeza. Niliamka asubuhi nikienda moja kwa moja kushika vifungo vya jiko la gesi. Kibaya zaidi ni kwamba sikuweza tena kumkumbuka mtu kwa harufu yake. Nilijaribu kuikumbuka kanga ya mama yangu. Nilipata rangi na maandishi yake, na zaidi ya hapo hakuna. Nililia siku hiyo kwenye ngazi za jengo, mchana kweupe, na mlinzi Mnepali aliyekuwa anapita akaniletea chupa ya maji akaenda zake.

Sikumwambia mtu. Mpishi asiyesikia harufu ni kama dereva asiyeona, na madam angeniondoa siku hiyohiyo. Niliamua nitajifunza kuificha. Mkahawa ulifungwa saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, na katika ratiba iliyobandikwa juu ya friji ya nyumba yetu, mimi na Rehema tulikuwa na jiko kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja. Rehema alikuwa anaingia kazini asubuhi na kutoka mapema alasiri, kabla duka halijaanza zamu ya jioni. Basi kila siku, kwa miezi mitano, nilipika pad thai katika jiko lile lenye vigae vilivyolegea, na Rehema alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akingojea kuonja.

Nilianza kwa kuhesabu. Tambi zilowekwe dakika thelathini kwa maji ya uvuguvugu, zijikunje kidoleni bila kukatika. Ukwaju vijiko vitatu, sukari ya mnazi viwili, sosi ya samaki viwili. Halafu nikaanza kusikiliza, kwa sababu vijiko havikutosha. Ukwaju wa leo si wa jana. Vitunguu vikiingia kwenye mafuta hupiga kelele kali, kisha sauti inashuka, na pale inaposhuka ndipo vinapoanza kuwa vya dhahabu. Ukichelewa inakuwa mluzi mwembamba, hapo vimeungua. Tambi zikimwagiwa mchuzi huguna. Mguno ukigeuka kuwa mchakacho mkavu, unasukuma tambi pembeni na kuvunja yai. Kamba wakiiva hugonga karai kwa sauti ngumu kidogo, kama vifungo vya shati. Njugu zilizotwangwa na choroko zilizochipua zinaingia moto ukiwa umezimwa. Nilijua yote hayo kwa masikio na macho. Lakini ladha sikuijua. Ladha ilikuwa ya Rehema.

"Leo umeukaza ukwaju, shoga, meno yangu yatetema," angesema. Au: "Hii yataka sukari kidogo. Kidogo, nimesema, sisi si nyuki." Siku nyingine alifumba macho akatafuna taratibu, akanyoosha kidole kama hakimu: "Hii hapa. Usiiguse tena. Andika ulivyofanya." Nami niliandika. Alidhani ni unyenyekevu wangu. "Mbona mwenyewe huonji?" aliniuliza siku moja. Nikamwambia nimeizoea, ulimi wangu umechoka, nataka ulimi mpya. Akacheka akasema ulimi wake ni mpya kila siku kwa sababu hautulii. Kwa nini sikumwambia? Nilijiambia kwamba Rehema hana kifua cha siri, angesimulia Naif nzima kabla ya adhuhuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu, na pia nilikuwa namhitaji. Mtu akijua unamtumia, anaweza kukataa.

Mwezi wa nane, joto likiwa la kuchoma nyayo kupitia kandambili, madam alipanga siku ya kuja kuonja upishi wangu. Ilikuwa Jumatano. Jumanne Rehema aliamka na mafua, pua imeziba, macho mekundu, lakini alikwenda kazini, na alipotoka alipita soko la samaki la Deira akaninunulia kamba. Ilikuwa zawadi. Alitaka nifanye zoezi la mwisho na kamba wazuri, si wale wadogo wa kwenye pakiti. Kabla ya kuja nyumbani alirudi Naif kumalizia kufunga mzigo wa mteja, akauweka mfuko wa kamba chini ya meza ya duka, halafu akangoja basi. Alifika amelowa jasho, akaniwekea mfuko mkononi. "Haya mpishi. Leo tule kama madam."

Barafu ilikuwa imeyeyuka yote. Niliwaosha kamba wale na vidole vyangu vikahisi utelezi ambao haukuisha kwa maji ya kwanza wala ya pili. Vichwa vilikuwa vimeanza weusi kwa ndani. Niliinua mmoja nikamnusa, kwa mazoea tu, kama mtu anayewasha taa mahali pasipo na umeme. Sikusikia kitu, kama nilivyokuwa sisikii kitu siku zote. Nataka niandike hapa wazi: vidole vyangu viliniambia. Macho yangu yaliniambia. Ningeweza kumwita Nakato, Mganda wa chumba cha mbele, aliyekuwa anaangalia simu sebuleni, nikamwambia hebu ninusie hawa. Lakini angeuliza kwa nini sinusi mwenyewe. Nikawaosha mara ya tatu kwa chumvi na ndimu, nikawasha moto.

Rehema alikaa juu ya ndoo yake na sahani magotini. Sahani yangu niliijaza tambi tupu, kwa sababu kwangu kamba alikuwa kitu cha kutafuna tu, na yeye ndiye aliyewanunua, nikampa wote. "Leo ladha siisikii vizuri," alisema, akivuta mafua. "Lakini yaonekana nzuri. Wallahi, kwa macho yaonekana nzuri." Alikula akamaliza. Alipangusa mchuzi kwa kidole.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa ameshakwenda chooni mara nyingi, na wenzetu walikuwa wanagonga mlango wakilalamika. Nilimkuta amekaa kitandani ameshikilia tumbo, rangi imemtoka. Nikamwambia sitaenda. "Wewe una wazimu?" alisema. "Leo siku yako. Haya ni mafua tu yameshuka tumboni. Nenda." Nilisimama katika ile nafasi kati ya vitanda. Nilijua si mafua. Nikamwekea chupa mbili za maji karibu na mkono wake, nikaenda.

Nilipika vizuri kuliko siku yoyote. Simu ilikuwa kwenye kabati la nguo za kazi. Madam aliketi kwenye meza ya dirishani, Pi Lek akasimama nyuma yangu juu ya kreti yake bila kugusa kitu, na mimi nikasikiliza vitunguu, nikasikiliza tambi, nikavunja yai pale mguno ulipogeuka. Madam alikula nusu sahani bila kunyanyua uso. Kisha akamwambia Pi Lek, "Khalas. Huyu." Pi Lek alinipiga begani kwa ngumi ndogo iliyouma. Jikoni walipiga makofi kwa vifuniko vya sufuria. Nilipofungua kabati nikakuta Nakato amenipigia mara saba.

Walikuwa wamemkuta sakafuni bafuni. Hospitalini walisema maji yalimwishia mwilini hadi figo zikaanza kushindwa. Alikaa siku tisa, nami nilikwenda kila alasiri, zile saa ambazo zamani tulikuwa jikoni. Siku ya pili daktari alitukuta pamoja akauliza alikula nini, na kama chakula kilikuwa na harufu mbaya. Rehema alisema yeye alikuwa na mafua, hakusikia kitu. Daktari akanigeukia. Nikasema, "Sikusikia harufu yoyote." Ilikuwa kweli, neno kwa neno, na ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Akaandika, akaondoka. Rehema alinishika kiganja. Midomo yake ilikuwa imepasuka na sauti imekuwa ya kizee. "Ni mimi, Wakio. Niliwazungusha na joto lile, nikawaweka chini ya meza kama viatu. Ungekula na wewe ningekuua. Nisamehe, shoga yangu. Akili yangu ni mbovu." Nilikuwa nimeketi kwenye ukingo wa kitanda. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu wa kusema. Nikasema, "Usijali."

Neno hilo nimelibeba hadi leo. Nimewahi kulisikia likisemwa dukani, mtu amemkanyaga mwenzake, usijali, nikaacha nilichokuwa nanunua nikatoka.

Mwenye duka la Naif alisema hawezi kumngoja mtu asiyejua atapona lini, viza ikafutwa, na mwezi wa tisa Rehema akasafiri kurudi Mombasa akiwa mwepesi kama msichana wa shule. Kwenye uwanja wa ndege aliwaomba msamaha hata wenzetu wa nyumba, kwa usumbufu wa choo. Kitanda chake alipewa Mfilipino mmoja mpole aliyelala na vipokea sauti masikioni. Sikupika tena nyumbani. Sikuwa na wa kunionjea, na hata angekuwapo nisingeweza. Alasiri nilikaa kwenye roshani nikitazama magari hadi saa ya kurudi kazini. Kazini sasa nilisimama kwenye karai, na wateja walituma salamu kwa mpishi, na kila salamu ilinifanya nitamani sakafu ifunguke. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka na sikuweza kukishika wala kukiachia. Kila sinia la samaki lililoletwa nilitafuta mtu wa kusimama naye nikimtazama uso, akikunja pua nalirudisha, asipokunja napika. Kuna siku nilijiambia kwamba wakimfukuza mtu kwa kosa langu nitasema. Kuna siku nilijiambia sitasema hata hapo.

Mwezi wa kumi na moja ililetwa ngisi. Nilikuwa peke yangu, nikaipokea, nikaanza kuikata. Pi Lek aliingia kutoka uwani, akasimama mlangoni. "Hii imeoza," alisema. "Tangu nje nasikia. Wewe husikii?" Nikaweka kisu chini. Alinitazama kwa macho yake yale mabovu kwa muda mrefu, halafu akafunga mlango wa jikoni. Akaniambia nifumbe macho. Aliniletea kitu puani. "Nini?" Sijui, nikasema. Akaleta kingine. "Nini?" Sijui. Cha tatu kilinichoma macho hadi machozi yakatoka, nikajua ni siki, lakini sikuisikia harufu yake. Nilipofumbua macho, mkononi alikuwa na kifuniko cha bomba la maji machafu, na nyuma yake mezani palikuwa na kitunguu saumu kilichopondwa na chupa ya siki.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanguka."

Alihesabu kwa vidole. Miezi minane. Akaketi juu ya kreti yake. "Kuna mtu ameumwa?"

"Si hapa," nikasema. Kisha nikamwambia yote, utelezi wa vidole, vichwa vyeusi, mafua, chupa mbili za maji, usijali. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Nilitegemea atanipigia kelele, na ingekuwa afadhali. Aliongea polepole, akitafuta kila neno. "Mimi nilikuchagua kwa sababu unaangalia mkono. Sasa angalia. Mtu akikaa mezani kwangu, anafungua mdomo, hajui kuna nini ndani ya sahani. Anafungua tu. Kwa sababu ya mimi. Wewe umelichukua hilo ukalitupa." Akainuka kwenye kreti. "Rafiki yako anajua?"

"Hapana."

"Toka kwenye karai. Rafiki kwanza. Halafu njoo tuongee habari ya kukamata kisu tena."

Madam aliambiwa siku hiyohiyo. Hakunifukuza, kwa kuwa Pi Lek alisema ananihitaji hadi mpishi mwingine afike, lakini viza haikurudiwa, na Desemba nilipanda ndege. Wiki zile za mwisho Pi Lek alinirudisha taratibu jikoni, nikakata na kukaanga mboga, na nyama mbichi au samaki sikuruhusiwa kugusa kabla ya mwingine kunusa na kusema kwa sauti, "Safi." Hadi leo kibanda changu cha chakula hapa Voi kinaendeshwa hivyo, wifi yangu hunusa kila kitu kibichi na kutamka, na wateja hudhani ni mzaha wa nyumbani. Pi Lek alifunika macho yangu kwa taulo la jikoni akanifanya nimwambie kwa sauti tu sufuria ipi imeiva. Alinifundisha bila siri kile nilichokuwa nimejifundisha kwa wizi. Pua haikurudi. Mara moja moja napata kitu kama moshi, hata pasipo na moto. Mimi na Rehema tunatumiana salamu za Idi na Krismasi, mstari mmoja, afya, watoto. Hatujaonana. Hajawahi kusema amenisamehe, nami sijawahi kumwuliza.

Nilimpigia Rehema siku tatu baada ya Pi Lek kuniambia, alasiri, nikiwa stoo ya mkahawa. Alifurahi kunisikia, hilo ndilo lililoniumiza kwanza. Alianza kunisimulia habari za jirani yake na mbuzi. Nikamkatiza. Nilisema haraka, kwa sababu nilijua nikipumzika sitamaliza. Alipoelewa, sauti yake ilishuka.

"Kwa hivyo siku zote zile nlipokuwa nakwambia tamu, wewe hukuwa wasikia chochote."

"Sikuwa nasikia."

"Na kamba wale, uliwashika ukaona."

"Niliona."

"Na mimi hospitali nalia nakuomba msamaha, wewe umekaa kitandani pangu."

"Ndiyo, Rehema."

Nikasubiri anitukane. Badala yake alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Usiniambie mimi. Mwambie mamangu. Miezi yote hii namwambia akili yangu ni mbovu. Mwambie wewe." Na kabla sijajibu, simu ilikuwa imepewa mtu mwingine.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke mzee. "Nani?"

"Shikamoo, mama. Ni Wakio. Tulikaa na Rehema Dubai."

"Marahaba mwanangu. Yule mpishi. Haya, nasikia."

Nilimwambia. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko mara mbili za kwanza, kwa sababu hakuwa ananijua na alikuwa ameniita mwanangu. Nilimwambia kwamba binti yake hakukosea, kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, na kwamba nilijua. Nilipomaliza nilisikia kiti kikilia, akaketi.

"Tangu arudi," akasema, "mwanangu hajatia mkono jikoni. Hata maji ya chai hachemshi. Asema mkono wake una sumu, asije akaua watoto. Napika mimi, na magoti haya."

"Mama, nisameheni."

"Ya msamaha utaongea na mwenyewe, siku akitaka. Mimi nimekwambia habari ya jiko." Akavuta pumzi. "Haya. Nimesikia."

Alidhani amekata simu, lakini aliiweka tu chini. Nilisikia kandambili zake zikiburuta, kisha sauti yake kwa mbali: "Rehema! We, Rehema! Njoo huku. Njoo uchague mchele." Aliita tena, na mara ya tatu aliita kwa ukali. Nyayo nyingine, nyepesi, zikaja. Ndipo nikasikia mchele ukimwagwa kwenye sinia, na baadaye vidole vikianza kuuvuta, kidogo kidogo, upande huu na upande ule. Hakuna aliyerudi kwenye simu. Nilikaa chini kati ya magunia, nimeibana sikioni, nikisikiliza, mpaka salio likaisha.